Asali ya Shemeji

Kila ninaponusa dawa ya viatu, ile nyeusi ya kopo, midomo yangu hujipinda yenyewe kwa dharau. Msinishangae, ndugu zangu, nitawaeleza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa msichana mdogo wa Kigwa, na dada yangu Kabula alikuwa amechumbiwa na Eliya, kijana wa kwetu aliyekuwa akisoma Tabora. Eliya alituma salamu kwamba twende tukauone mji wa wasomi. Mama asingeweza kwenda, maana kwetu mkwe hatazamwi usoni. Basi tukaenda na shangazi Milembe, dada yake baba, mwanamke ambaye hata mvua iliyonyesha vizuri hakukosa kuitia kasoro. Dada alijitwika kibuyu cha asali ya miombo, zawadi ya mchumba wake.

Eliya alitupokea stesheni, kaptula imenyooshwa mpaka ingeweza kukata nyama, viatu vinanuka ile dawa. Nikamwamkia, "Shikamoo, shemeji." Aliitikia huku akiangalia miguu yetu, iliyokuwa mitupu na yenye vumbi. Tangu hapo alitangulia mbele, mbali kidogo, kama mtu anayefuatwa na mbuzi wasio wake.

Alituonyesha shule yao kwa nje: matao meupe, na uwanja mpana wa nyasi zilizokatwa zikalingana.

"Wanalishwa ng'ombe wangapi hapa?" shangazi aliuliza.

"Hapalishwi ng'ombe, shangazi. Hata kukanyaga ni marufuku."

"Basi mnalima njaa," alisema shangazi, akatema mate pembeni.

Kisha akatupeleka kwenye tembe moja kuukuu la Waarabu. Akasimama kama mhubiri na kutusomea kibao cha ukutani: zamani za misafara, Mzungu fulani msafiri alilala humo.

"Alilala tu?"

"Ni historia, shangazi."

"Baba yangu alipita hapa na pembe ya ndovu begani, akaifikisha pwani, akarudi kwa miguu. Naye alilala njia nzima. Kibao chake kiko wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dada hakucheka. Alikuwa anamtazama Eliya, akingoja ageuke amwambie hata neno moja.

Tulipokaribia soko tukakutana na vijana wawili wa shule yao, nao viatu vinang'aa.

"Eliya, hao wageni wako?" mmoja aliuliza.

Eliya alisogea hatua moja mbali nasi. "Hapana. Ni wauza asali wa Kigwa. Wameniuliza njia ya sokoni."

Shangazi akafungua kinywa. Kabla neno halijatoka, dada alishusha kibuyu taratibu, akakiweka chini.

"Ni kweli," alisema. "Asali ya miombo, ya msimu huu. Nani anaanza?"

Wale vijana wakaonja kwa kidole, wakasifu, wakaazima chupa duka la jirani na kununua. Ndipo dada akamgeukia mchumba wake.

"Na wewe, kaka, hununui?"

Eliya akapapasa mfukoni, akatoa pesa. Alinunua zawadi yake mwenyewe, na dada akampa chenji.

Uchumba uliishia pale. Ndani ya garimoshi shangazi alicheka mpaka machozi, na kijijini akaisimulia habari hiyo kila palipopikwa pombe. Nyumbani kwetu neno "msomi" likawa tusi. Mbuzi akinasa kichwa kwenye ua, tulimwita msomi. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote; niliweza kuiga mwendo wa Eliya, nikigonga visigino kama mwenye viatu, na wazee walinitunza karanga.

Baadaye kidogo, mwalimu wa kike wa misheni alifika kumwomba baba anitoe nikasome Tabora, shule ya wasichana. Baba alimtazama shangazi.

"Akajifunze kuwakana watu wake?" shangazi alisema.

Ua mzima ukacheka, nami nikacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Dada peke yake hakucheka. "Yule alikuwa mjinga tangu kabla hajaenda shule," alisema. Hakuna aliyemsikiliza, na mwalimu akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Kusoma nimejifunza ukubwani, katika darasa la kisomo, nikifuatisha herufi kwa kidole kigumu cha jembe. Siku ile alipokuja mwalimu nilidhani dada bado anampenda Eliya, ndiyo maana anamtetea. Nilikuwa na wajukuu tayari nilipoelewa kwamba aliyekuwa akitetewa ni mimi.