"Nilidhani Vimemeguka": Mnoaji wa Doornfontein na mguu wa Murielle

Saa mbili na nusu asubuhi, Doornfontein. Zubeda Mbaruku amebana tupa kwenye jiriwa na ameshika kibamba cha plastiki ngumu, kipana kama kiganja cha mkono. Anakivuta juu ya tupa kuelekea kifuani, taratibu, mara nne. Anaweka guniya, kipimo cha fundi cha unyoofu na pembe mraba, kwenye ukingo, anafumba jicho moja na kuangalia kama mwanga unapenya. Unapenya. Anaanza upya.

Kibamba hicho ni kikwangulio. Watu wanaoteleza kwenye theluji huvaa miguuni ski, mbao ndefu nyembamba. Wakiwa nyumbani huzipaka nta ya moto upande wa chini, na ikishapoa huikwangua kwa kibamba hicho mpaka ubaki utando mwembamba. Kikwangulio butu huiacha nta mabaka mabaka.

"Kisu ukikinoa vibaya, mtu atalalamika nyanya hazikatiki," anasema Zubeda, 46, mzaliwa wa Tanga. "Hiki ukikikosea... basi, mimi najua kinachotokea."

Kazi hii alifundishwa na mumewe, Adamu, aliyekuwa akinoa mikasi ya mafundi cherehani kabla macho yake hayajaingia mtoto wa jicho. Adamu amerudi Tanga. Zubeda amebaki na chumba kimoja mtaa wa Bellevue na nusu ya karakana, ambayo nusu yake nyingine ni ya Falonne, fundi cherehani kutoka Bukavu.

Miaka miwili iliyopita aliingia mteja aitwaye Cédric, mhandisi wa Lubumbashi aliyejifunza ski alipokuwa masomoni ng'ambo. Kila msimu wa baridi humpeleka binti yake, Murielle, kwenye milima ya Lesotho. Aliweka mezani vikwangulio sita.

"Nilicheka," anakumbuka Zubeda. "Nikamuuliza, 'Baba, na plastiki nayo inanolewa?' Akasema ndiyo, ukingo uwe mnyoofu na mkali. Gari lake lilikuwa limeziba njia karibu na robot, zile taa za barabarani, watu wanapiga honi. Akakimbia."

Kila kikwangulio kilikuwa na pengo dogo kwenye kona.

"Nilidhani vimemeguka. Vyote sita, kona ileile! Eish, si ningejiuliza?" Anashika kichwa. "Nikavikata, nikavisawazisha, vikapendeza. Hata sikumwongezea bei. Niliona nimemfanyia hisani."

Pengo lile lilikuwa na kazi yake. Kandokando ya ski kuna ukanda wa chuma unaong'ata theluji iliyoganda. Nta ikichuruzikia hapo, chuma hakishiki vizuri. Pengo la kikwangulio hupitishwa kwenye ukanda huo kuutoa nta.

Cédric aligundua mapengo hayapo jioni ya kuamkia safari, gari likiwa limeshapakiwa. Aliikwangua nta ya chini, akaufuta ukanda wa chuma kwa kitambaa, akaona inatosha.

Kesho yake, kwenye mteremko wa kwanza kabisa, Murielle, wakati huo akiwa na miaka 15, alikata kona mahali palipoganda kama kioo. Ski haikushika. Alitoka njiani na kugonga nguzo ya uzio. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti.

Alhamisi iliyofuata Cédric alirudi karakana akiwa na kikwangulio kimoja mkononi.

"Mama Zubeda, hii kona uliifanya nini?"

"Ilikuwa imemeguka, Baba Murielle. Nikaitengeneza."

"Haikuwa imemeguka, Mama. Ndivyo ilivyoundwa." Akamweleza kazi ya pengo. Kisha akasema, "Mtoto ameanguka. Yuko hospitali."

Falonne alikuwa kwenye cherehani yake. "Nilisikia tupa inaanguka chini," anasimulia. "Nageuka, naona Mama Zubeda amekaa kwenye sakafu, macho kwenye kikwangulio. Nilimwita mara tatu. Nilifikiri ni ugonjwa umemshika."

"Nilikuwa namsikia," anasema Zubeda. "Ila akili ilikuwa kwenye ile kona. Miaka kumi na mmoja nanoa vitu, sijawahi kufikiri kazi ya mkono wangu inaweza kuvunja mfupa wa mtoto wa mtu."

Cédric anasema hakwenda kumlaumu. "Mimi pia niko na kosa. Niliona mapengo hayapo, nikaendelea. Na siku ile ya kwanza sikumweleza kitu. Nilienda kumwambia ukweli, wangu na wake."

Zubeda hakunoa chochote kwa wiki tatu. Alipopata moyo wa kwenda hospitali, alibeba uji wa mchele na maneno ya kuomba radhi aliyoyarudia njia nzima. Hakuyamaliza. Murielle, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alimwomba baba yake alete ski moja, akauweka mkono wa Zubeda kwenye ukanda wa chuma.

"Baridi, mwembamba kama wembe," anasema Zubeda. "Nikamuuliza, 'Mwanangu, yaani unashuka mlima mzima, na kinachokushikilia ni hiki tu?' Akatikisa kichwa kukubali."

Rafiki wa Cédric aliyeshuhudia ajali hiyo anasema hakuna anayeweza kuapa kwamba ilikuwa nta peke yake, kwa sababu nta ya pembeni huisha yenyewe baada ya mteremko mmoja au miwili.

Zubeda ameambiwa hivyo mara nyingi. "Lakini yeye alianguka kwenye wa kwanza," anajibu.

Leo, wateja wanaotengeneza ski zao nyumbani humletea hadi vikwangulio kumi kwa wiki msimu wa baridi, kila kimoja kwa randi 60. Havigusishi na mashine; joto huilainisha plastiki. Ananoa kwa tupa, anamalizia kwa msasa laini, na pengo analisafisha kwa kitupa chembamba. Tena hapokei kitu, hata mkasi, kabla hajauliza kinaenda kufanya kazi gani.

Murielle alitembea bila magongo baada ya miezi mitano. Msimu huu anarudi mlimani, na amesema vikwangulio vya baba yake vinolewe na Zubeda, si mtu mwingine. Zubeda alikataa mara mbili. Mara ya tatu binti alikuja mwenyewe, akavuta kiti na kukaa mpaka alipokubaliwa.

Zubeda hajawahi kuona theluji. Ameshughulikia upya pasipoti yake ili mwezi wa nane aende nao Lesotho.

"Sitaki kupanda juu," anasema. "Nitasimama chini pale wanapofikia. Nikimwona amefika, amesimama kwa miguu yake miwili, ndipo nitaweza kupumua."