Nilivyoaga Dunia kwa Spika Sokoni Custom

Aibu hii nawapa mwenyewe, marafiki zangu, kabla hamjaipata kwa watu wa Custom, soko letu la hapa Juba, maana wao wataitia chumvi.

Siku hiyo kifua kilinibana tangu asubuhi, na Nakato, Mganda anayeuza nyanya mkabala na meza yangu ya mitumba, akanisukuma kliniki nikapimwe moyo. Fundi wa vipimo akanibandika nyaya mikononi, miguuni na kifuani, mashine ikatoa karatasi ya mistari ya kupanda na kushuka, akanikabidhi, akasema, "Kalas, mama." Sasa mimi mgeni wa Juba, Kiarabu chao nimekiokota dukani (ukiambiwa "sukari kalas" ujue sukari imekwisha), basi nikajua na mama naye amekwisha. Kutupa jicho kwenye karatasi, mashine imejiandikia kwa Kiingereza kwamba huenda moyo huu ulishawahi kushambuliwa. Badala ya kuingia kwa daktari, mlango wa pili tu, nikarudi sokoni kuaga.

Nikampigia mume wangu Eldoret, na kwa vile kelele zilikuwa nyingi nikaweka spika, nikamwambia nimemsamehe yote na aoe tu, ila asimwoe Chebet jirani yetu.

"Nani amekwambia namtaka Chebet?" akauliza, na soko zima likasogea karibu kusikiliza.

Nakato akanipokonya simu. "Wewe nakufa namna gani na mdomo iko na nguvu hivi? Twende kwa dokta."

Daktari, kijana wa hapa aliyesomea Nairobi, alitazama karatasi, akamwita fundi: nyaya za mikono zilikuwa zimebadilishana, ya kulia kushoto. Kipimo kikarudiwa, kikatoka safi, lakini bado akanihoji na kunitoa damu.

"Mama, karatasi hii peke yake haimfungi mtu wala haimwachilii," akasema. "Inaweza kumtisha mzima, na inaweza kutoka safi kwa mtu ambaye mishipa yake ya moyo imeziba."

Majibu ya damu yakaja mazuri. Ilikuwa asidi ya tumbo. Na "kalas" ya fundi, kumbe, ilikuwa "tumemaliza, shuka kitandani."

Nililia kwa furaha palepale, na nilipompigia tena mume wangu nilimsikia naye akipenga kamasi. Siku hizi wateja huniuliza bei ya blauzi, kisha habari za Chebet. Nimeapa: karatasi ya moyo nitasomewa na daktari, na mume wangu simpigii tena kwa spika, hata siku nikifa kweli.