Gitaa la Kola na Mifuko Minne ya Saruji

Kwa hesabu ya mwisho, gitaa lile lilinigharimu shilingi elfu saba na kumi. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu: elfu nane na mia tano za kununulia, toa elfu mbili nilizorudishiwa, weka mia nne hamsini za nyuzi mpya na sitini za gundi ya seremala. Nauli ya Kola siiweki, maana nilikuwa naenda kumsalimia shangazi hata hivyo. Zile elfu mbili nilizorudishiwa ndizo zinazonifanya niandike.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nauza viatu vya mitumba katika soko la Machakos, na Jumapili nilipiga kanisani gitaa la kawaida, la mbao, ambalo makofi ya akina mama yalilifunika kabisa. Nilitaka la umeme. Shangazi, dada ya baba, alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa akina mama kule Kola. Akaniambia mwanachama wake mmoja, mjane, anauza gitaa la umeme la marehemu mumewe, aliyekuwa akipiga katika bendi za hoteli hapa mjini miaka ile watu walipokuwa wakivaa tai kwenda dansini.

Mwethya, kwa asiyejua, ni kikundi cha kusaidiana kazi. Huo wa shangazi ulikuwa unajengeana matangi ya maji, boma moja baada ya jingine, kwa zamu. Wenzako wanaleta mikono na mchanga, fundi analipwa na kikundi, lakini wewe mwenye zamu unatakiwa uwe na saruji yako ndani ya nyumba siku watakapofika. Usipokuwa nayo, zamu inakuruka na wewe unarudi mkiani. Zamu ya yule mjane ndiyo iliyokuwa inafuata, kabla ya mvua ya Novemba. Ndiyo maana gitaa lilikuwa linauzwa, na mimi hilo nililijua kabla sijatia mguu uani kwake. Mfanyabiashara akijua kwamba muuzaji ana haraka, hilo tayari ni punguzo.

Nilienda nimegawa pesa. Elfu nane na mia tano mfuko wa shati, elfu tatu na mia tano ndani ya soksi. Ukitaka kununua kwa elfu nane na nusu, lazima uwe mtu ambaye hana zaidi ya elfu nane na nusu.

Alilitoa kwenye gunia la mahindi. Nikisema moyo ulinipiga, sitii chumvi. Lilikuwa pana, rangi ya chai ya rangi katikati na nyeusi pembeni, uso wake umebinuka taratibu kama kifuniko cha chungu, na matundu mawili membamba yaliyojipinda kila upande. Nyuzi zilitoka kwenye chuma kule chini, zikapanda juu ya kibao kidogo cha mti mweusi, kile ambacho wapigaji hukiita briji, zikaendelea hadi shingoni. Nilivaa uso wangu wa sokoni, ule ninaomtazamia mtu anayeniletea kiatu kimoja.

Nikagonga tumbo la gitaa kwa kidole. Nikamwambia ndani hamna kitu.

"Hata mimi najua hamna kitu," akasema. "Ningekuwa nimekitoa."

"Na haya matundu?"

"Lilikuja nayo."

"Mwaitu, mama yangu, kitu kilichokuja na matundu bado kina matundu."

Alicheka. Nilifurahi alivyocheka, kwa sababu anayecheka huwa ameshaanza kushuka. Alitaka elfu kumi na mbili. Mumewe alimwachia maneno kwamba asiliuze chini ya hapo. Nikamjibu kwamba bei za marehemu hubaki na marehemu. Ndiyo, nilisema hivyo, ndani ya boma lake, nikiwa nimeshika kikombe cha chai yake. Halafu nikatoa za mfuko wa shati, nikageuza mfuko nje aone ulivyo mtupu. Alizihesabu, akazikunja ndani ya leso, akasema zitatosha saruji na waya, zitabaki hata za sukari ya wajenzi.

Nyumbani niliamua kulisafisha. Nyuzi zilikuwa zimeshika kutu, nikazikata zote sita kwa mpigo. Uzi wa mwisho ulipolegea, briji ikaanguka sakafuni. Nikaiokota, nikatazama chini yake: hamna gundi, hamna msumari, hamna alama kwamba iliwahi kushikwa na kitu. Mbao ilikuwa laini tu. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilijua viatu, na kiatu ambacho soli yake inaachia bila gundi ni kiatu ulichouziwa na mwizi.

Wiki hiyo hiyo nikarudi Kola na gitaa ndani ya gunia na briji mfukoni. Nilimkuta anafagia mahali wangechimba msingi wa tangi. Alikuwa ameshachora duara kwa majivu. Nikamwekea ile briji kwenye kiganja.

"Imeanguka yenyewe," nikamwambia. "Nimeuziwa kitu kilichovunjika."

Aliigeuza, akaigeuza tena. "Mwenyewe hakuwahi kuniambia imevunjika."

"Labda hakutaka ujue."

Mimi nilitaka elfu tatu, na nilikuwa nimejiandaa kupokea elfu moja. Hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na elfu mbili, akanipa bila kunitazama. Wakati ule mfuko wa saruji ulikuwa kama shilingi mia tano. Hesabu hiyo niliifanya papo hapo, kwa mazoea tu: mifuko minne. Kisha akasema jambo moja.

"Usimwambie shangazi yako. Atafikiri nilijua."

Nikaahidi. Ahadi isiyo na gharama huwa naitoa haraka.

Niliibandika briji kwa gundi mahali nilipodhani ilikuwa. Nikafunga nyuzi mpya, nikalichomeka kwenye amplifaya ya kanisa. Huku juu karibu na vichwa vya nyuzi liliimba vizuri. Ukishuka shingoni kuelekea tumboni, kila noti ilikuwa kama mtu anayekujibu huku ameudhika. Kwa miezi nililaumu nyuzi, nikalaumu amplifaya, nikamlaumu na marehemu. Hata hivyo nililizoea. Nilijua mahali ambapo mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa umekula vanishi, na mahali shingoni ambapo kidole gumba chake kilikuwa kimepalainisha. Nikiweka changu hapo kiliteleza chenyewe. Nilimchukia kidogo kwa kunifaa hivyo.

Mwaka uliofuata alipita kibandani kwangu mzee mmoja aliyewahi kupiga besi na marehemu. Alikuwa anatafuta viatu vya mkopo, akaliona gitaa ukutani, akalishusha bila kuomba. Akapiga noti mbili, akainama kutazama briji.

"Nani amegundisha hii?"

Nikasema ilikuwa imevunjika.

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la raba. Akanieleza kwamba gitaa la namna hii briji yake haigundishwi kamwe. Inashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, ili uisogeze mpaka sauti ikae sawa. Ukikata nyuzi zote kwa mpigo lazima ianguke. Ndiyo maana wenye akili hubadilisha uzi mmoja mmoja. Aliuliza nimenunua pesa ngapi, na mimi, ambaye sijawahi kumwambia mtu bei ya kweli, nikamwambia. Akasema hata kwa elfu thelathini ningekuwa nimeiba. Tulibandua briji kwa kisu cha moto, ikatoka na kipande cha vanishi, tukaisogeza kidogo tu, upana wa unyasi. Likaimba lote, juu hadi chini. Alichukua jozi ya viatu kwa mkopo, na sikumuuliza atalipa lini.

Jumapili iliyofuata nilienda kwa shangazi nikiwa na elfu mbili mfukoni, nikitafuta namna ya kupita kwa mjane bila kuonekana. Shangazi alikuwa anatwanga mahindi, anazungumzia mwethya. Bila mimi kuuliza, akafika kwa mjane. Walifika kwake na fundi na mchanga, akasema saruji haijatimia, imepungua mifuko minne. Wakamuuliza pesa za gitaa zilienda wapi. Akasema zilitumika. Wakamuuliza zilitumika kwa nini, akarudia tu kwamba zilitumika. Zamu ikamruka. Mvua ya Novemba ikanyesha juu ya lile duara la majivu, na yeye akaendelea kuchota maji kwenye mchanga wa mto.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyemsema mbele ya wenzake," shangazi akaniambia. "Mtu hawezi kula pesa ya tangi halafu akakaa kimya. Tangu siku hiyo hashiki hata senti ya kikundi, nami ndiye niliyesema hivyo."

Nilikunywa chai. Ilikuwa imepoa, nikainywa yote.

Tangi lake lilijengwa mwishowe, zamu ilipozunguka tena, miaka miwili baadaye, na saruji sijui aliipata wapi. Jioni ile sikupita kwake, wala siku nyingine. Tukikutana sokoni, hunisalimia na kuniuliza kama gitaa lilipona. Mimi humjibu kwamba lilipona, naye husema afadhali.

Sasa yeye na shangazi wote ni wazee, na bado wako kikundi kimoja, na bado mjane hashiki pesa. Nikimpelekea elfu mbili kwa siri, au mifuko minne kwa bei ya leo, atakuwa na saruji asiyoihitaji na jina lile lile. Nikimweleza shangazi, nitakuwa nimevunja neno pekee ambalo mjane aliniomba, na huenda mjane mwenyewe ataaibika zaidi kujua alisimama mbele ya wenzake kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa kimevunjika. Nimezihesabu njia hizi mbili mara mbili, na zote zinapungua. Wewe unayesoma, hasa kama mama yako au shangazi yako amewahi kukaa katika mwethya, niambie: nianze na nani kati yao, na nikifika mlangoni niseme nini kwanza?