Neno la Hima kwa Ajili ya Leso

Nakumbuka siku moja niliyotamani ardhi inimeze, mwanangu, na wewe ndiwe uliyenirudisha huko kwa hiyo simu yako. Jana umenipigia mara sita nami niko kwenye msala nasali. Dharura, bibi, dharura. Nikainuka mbio na magoti haya, kumbe wataka kujua chujio la chai liko wapi. Wallahi nimechoka.

Kabla ya uhuru nilikuwa yaya kwa mkubwa mmoja wa jeshi la Waingereza, huku huku Likoni. Nyumbani mwake mlikuwa na simu ya jeshi. Mjomba wangu Athmani ndiye aliyekaa kambini kwenye ubao wa simu, akichomeka waya huku na kuchomoa kule. Njia za kwenda Changamwe zilikuwa chache, kwa hivyo kila simu ilipewa daraja lake. Majina yalikuwa ya Kizungu. Sisi tukisema ya kawaida, ya haraka, ya hima. Njia zikijaa, wa kawaida angoja. Ukisema ya hima, mjomba humkata wa kawaida katikati ya maneno upite wewe, wala hana ruhusa ya kukuuliza una nini.

Basi siku hiyo memsabu, mke wa bwana, akatoka, nami nikaushika mkonga wa simu nimtafute shoga yangu Zena, aliyekuwa akifagia hospitali ya kambi ya Changamwe. Nikaibana sauti kama ya memsabu, nikalitaja lile neno la hima nililozoea kulisikia kwa bwana. Nikapitishwa papo hapo. Nikajiona mtu.

"Zena, leso za kuvaa harusini tuchukue nyekundu au za samawati?"

"Nyekundu zachuja rangi. Wataka watu watucheke?"

Tukabishana, hatuna haraka, mpaka mjomba akaingia kwenye njia kuangalia kama tumemaliza. Akasikia leso. Akaijua sauti. Akachomoa waya.

Alasiri akaja kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akanikatiza.

"Wajua nilimkata nani kwa ajili yako?"

"Sijui, mjomba."

"Nyapara wa wachimbaji mawe wa jeshi. Hamisi wa Timbwani kaangukiwa na ukingo wa shimo, mguu uko chini ya jiwe. Nyapara aita gari la wagonjwa kutoka hospitali ya Changamwe. Hajasema bado ni shimo lipi, nikamkata."

"Mbona hakusema ni hima?"

"Aliogopa. Alidhani neno lile ni la wakubwa. Daraja ni la haja, si la mtu, lakini nani alimwambia? Yeye kaliogopa kwa roho ya mtu. Wewe hukuliogopa kwa leso."

Hamisi walimtoa yu hai, lakini mguu ukakatwa. Nikamuuliza mjomba kama ni kwa zile dakika zangu.

"Labda ungekatwa vile vile," akanambia. "Hutajua."

Na sijui hadi leo. Miaka mingi Hamisi alipita mlangoni petu kwa magongo yake, akinisalimu vizuri. Sikupata ulimi wa kumwambia.

Kwa hivyo sikiliza, mwanangu. Ukisema dharura, kuna mtu usiyemuona anayewekwa kando ili wewe upite. Usiliseme neno hilo kwa upuuzi. Na ukiwa na haja ya kweli, usilionee haya hata kama wewe ni mdogo wa wote. Chujio liko nyuma ya debe la unga, lilipo siku zote. Mungu akujaalie, siku utakayoita kwa shida, aitike mtu upesi. Na akinibakisha hai, niwe ni mimi.