Malkia Aliyeachiwa Nywele

Mama yangu alimpenda malkia wa Kikorea kuliko alivyowapenda majirani zetu wa Durban, na sikumlaumu, maana majirani zetu wana kelele. Kila alasiri alikuja saluni kwangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya televisheni, akatazama tamthilia ya msichana wa zamani sana aliyetolewa kwao Korea, akapelekwa kama ushuru kwa mfalme mkuu wa Wamongolia aliyeitawala China. Alianza kwa kumwandalia mfalme chai. Akaishia kuwa malkia na mama wa mrithi wa kiti.

"Munaona?" Mama aliwaambia wateja niliokuwa nikiwasuka. "Walimubeba na kilio, leo iko malkia. Mutu anaweza kupotea na asikufe."

Wateja waliitika "Amina, Mama" bila kujua anamsema nani. Mimi nilijua, na nilivuta rasta mpaka mteja mmoja akalalamika, "Eish, dada, hicho kichwa ni changu!"

Mama alikuwa akimsema dada yangu mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, naye kumi na tisa, watu wenye bunduki walipoanza kupita kwetu Kongo wakichukua wasichana. Mama alininyoa kwa wembe, akanivika kaptula nionekane mvulana. Dada hakunyolewa. Harusi yake ilikuwa Jumamosi, mashangazi walikuwa wamemsuka siku mbili nzima, na kwetu bibi harusi akishasukwa hafumuliwi mpaka aingie kwa mumewe. Ijumaa watu wale wakaja. Mimi walinitazama wakanipita, yeye wakamchukua.

Nilikua nikiamini kwamba Mama alimwachia nywele kwa sababu alimpenda zaidi. Ni aibu kumwonea wivu mtu aliyepotea, lakini nilimwonea, na bado naona aibu.

Kwa miaka zaidi ya ishirini Mama alikataa matanga. Katika ukoo wetu kilio hakianzi mpaka mama wa marehemu anyolewe, na yeye hakukubali mtu aguse kichwa chake, hata mimi ninayeishi kwa kugusa vichwa vya watu. Kinyozi hajinyoi, wanasema, nami nilikuwa na mama ambaye hata kitambaa chake sikuruhusiwa kukifungua. Alijisuka mwenyewe bila kioo, mistari ikaenda upande, nikaiona imevimba chini ya kitambaa. Wajomba walimpigia simu kumsihi, mchungaji alikuja mara mbili. "Matanga ya nani?" aliwauliza, na mchungaji alikunywa chai yake akaondoka. Mimi nilitaka jambo moja tu, kumlilia dada yangu mbele ya watu, kwa sauti, kama watu wengine wanavyoliliana.

Siku moja ilinyesha tangu asubuhi na hapakuja mteja hata mmoja. Nikaamua kumkomesha. Nilitafuta kwenye simu historia ya kweli ya malkia wake, nikaanza kumsomea, na nakiri kwamba nilisoma kwa ubaya. Nilimwambia kwamba mwishoni utawala ule ulianguka, malkia akakimbilia kaskazini pamoja na mumewe, na baada ya hapo hakuna mwenye hakika alikufa lini wala wapi.

"Miaka zaidi ya mia sita, Mama. Dunia nzima inamjua, na kaburi lake halijulikani."

Hakutikisika. "Soma tena," alisema.

Nikaendelea. Nikasoma kwamba kule Korea wazazi waliwaogopa wale wakusanyaji wa wasichana. Waliwaficha mabinti zao, wakawaoza wangali wadogo, na wengine wakawanyoa vichwa ili wasichukuliwe.

Mama alichukua rimoti akazima televisheni. Nje kulisikika teksi zikipiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani, kisha zikapita.

"Waliwanyoa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mama ya huyu? Juu ya nini hakumunyoa?"

"Haikuandikwa."

"Itaandikwa namna gani? Mama yake hakumwambia mutu." Alitazama mikono yake. "Dada yako aliniomba. Ile siku nilikunyoa, ulipotoka, alikuja kukaa pale ulikuwa umekaa. Akainamisha kichwa. Akasema, Mama, na mimi pia. Nikamukatalia. Nikamwambia, watu watasema nini, bibi harusi kipara?"

Nilikuwa na hasira ya miaka mingi, nimeitunza vizuri, tayari kwa siku kama ile. Niliitafuta nisiipate. Nilimwona tu dada yangu na rasta zake mpya, ameinamisha kichwa, akingoja.

Mama alifungua kitambaa. Akainuka kwenye kiti cha plastiki, akaja kukaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, na akainama.

"Tia wembe mupya," alisema.

Nilifumua mistari yake iliyopinda mmoja mmoja, nikalowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu. Zilikuwa nyeupe zote, na sikuwa nimejua. Nilianzia nyuma ya sikio, kama yeye alivyoanza kwangu. Nilipofika utosini sikuona vizuri tena, nikauondoa wembe nisimkate.

"Lia, mwanangu," Mama alisema, bado ameinama. "Sasa unaweza."