Gauni la Maporomoko

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na mji mzima unamwita Kesho Asubuhi. Hilo si jina alilopewa na baba yake, ni jibu lake. Ukimpelekea suruali ipunguzwe kiuno, kesho asubuhi. Ukienda hiyo kesho, atakutazama kwa huruma kana kwamba wewe ndiye uliyekosea siku, atakufutia kiti vumbi, atakwambia pasi imegoma kushika moto. Utaondoka unacheka, na suruali umeiacha palepale. Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtania, na ruhusa hiyo sijaiacha ilale. Lakini haya ya leo si utani.

Alipomwoa dada, alimwahidi kumpeleka kwenye maporomoko. Usidhani ni safari. Bustani ya mji iko nyuma ya zahanati, unakata kona mbili na kushuka kimteremko, umefika. Maporomoko yenyewe hayazidi urefu wa nyumba ya kawaida. Watu wanapanda mabasi kutoka mbali kuja kuyapiga picha. Sisi wenyeji tunasema yapo tu, yataenda wapi? Cherehani ya shemeji ikinyamaza, maji unayasikia ukiwa umeketi barazani kwao. Shida ni kwamba cherehani ilikuwa hainyamazi.

Tena hakutaka dada aende hivihivi. Alinunua kitambaa cha kijani, akampima, akakata gauni, akaliunga kwa bandi, ile mishono mirefu ya uzi mweupe ya kujaribia tu. "Mke wa fundi haendi bustanini na nguo ya dukani," alisema. Basi gauni likatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa kibanda chake, na hapo likazeekea. Shule zikikaribia kufunguliwa, anashona sare. Harusi zikianza, anashona suti. Mwenye haraka alishonewa, mwenye kelele alishonewa, na mwenye kujiliza alishonewa kabla ya wote. Dada hakuwa na haraka wala kelele. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda kutafuta maisha, na gauni bado lina uzi mweupe.

Siku moja nilimuuliza, "Dada, kwani huna miguu? Si uende mwenyewe."

Akacheka. "Nangoja gauni, mdogo wangu."

Nilimwona mjinga, Mungu anisamehe.

Kisha dada akaanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Mara ya kwanza tulicheka. Baadaye akawa anapapasa ukuta akitafuta swichi iliyo mbele yake. Daktari wa macho akasema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Kilichokwisha kupotea hakirudi, alisema, na hicho kilichobaki tukilinde kwa dawa ya matone, lakini asingeweza kutuahidi kitu. Shemeji alitoka pale akiwa ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliyetoka mazikoni. Nje kwenye ngazi akamwambia dada, "Utayaona yale maji kabla macho hayajazimika. Naapa."

Nikasema, "Basi twendeni leo. Jua bado liko juu."

"Shemeji, niache nimalizie gauni kwanza."

Jamani. Wakati ule tungekwenda, yote haya yasingekuwa na uchungu. Dada alikuwa bado anakutambua ukiwa mlangoni. Lakini mtu wa mkasi ni mtu wa mkasi, haoni njia nyingine ya kuomba radhi. Alilitungua gauni msumarini, akakuta kipimo cha bibi harusi hakimwingii mama wa watoto wakubwa. Akafumua yote, akaongeza kitambaa ubavuni. Rangi ya kile kipya haikulingana na cha zamani, akatafuta kingine. Hakuridhika na kola, akakata nyingine. Na huku wateja wanabisha hodi.

Kila nilipopita pale kibandani nilimsema. "Shemeji, maji hayaangalii mtu kavaa nini."

"Mdomo wako ungekuwa cherehani, mji huu usingekuwa na mtu uchi," alinijibu, bila kuinua macho.

Nilicheka, naye akacheka, na siku zikaenda. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwa na mke anayepofuka.

Gauni lilipokwisha, lilikwisha kweli. Sijaona pindo lililonyooka vile. Dada alilivaa akaupitisha mkono kifuani, kiunoni, mpaka chini, akasema, "Umeshona vizuri, fundi." Hakusimama mbele ya kioo. Hapo nikajua, na shemeji naye alijua, maana alijifanya anatafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake.

Tulikwenda siku ileile. Mteja mmoja alitukuta barazani akiulizia koti lake, na kwa mara ya kwanza maishani shemeji akasema, "Leo sishoni." Akamshika dada mkono kama anayebeba mayai. Tukafika getini. Mama anayekata tiketi alipomwona dada, aliinuka kabisa.

"Karibu, dada yangu. Umepotea, nilidhani unaumwa. Na leo umetuletea mgeni?"

Shemeji akajikohoza. "Mimi ndiye mume wake."

"Aa," alisema yule mama, na akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kumbe ndiye wewe. Tumekusikia sana."

Dada akautoa mkono wake taratibu katika mkono wa mumewe, akatangulia. Hakuona njia, lakini miguu yake iliijua. "Hapa kuna mzizi," alituambia. "Hapa pana utelezi, shikeni ukingo." Fundi mwenye macho yake mawili akajikwaa kwenye ule mzizi alioonywa.

Dada akaketi kwenye benchi lililoelekea maji, pembeni kabisa, akaacha nafasi ya mtu. Shemeji akaijaza. Maji yalikuwa yanashuka mbele yetu, meupe, na rasharasha ikatufikia usoni.

"Ulikuwa unakuja lini?" shemeji aliuliza.

"Ulipokuwa na kazi nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nimeshayaona, ungesema basi hakuna haja." Alisema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Maji niliyaona zamani, fundi. Nilichokuwa nangoja ni kukuona wewe unayaona. Nilitaka kuona uso wako."

Shemeji akamgeukia. Akamwekea uso wake mbele kabisa, karibu pua zigusane, kofia ameivua. "Ndio huu," alisema. "Utazame. Unauona?"

Dada alijaribu. Namjua dada yangu, alijaribu kwa nguvu zake zote, mpaka kipaji cha uso kikakunjamana. "Naona weupe tu," alisema. Akampapasa shavu, akalikuta limelowa, naye hakuuliza kama ni rasharasha. "Basi niambie unachokiona."

Nilisogea nyuma kidogo, niwape nafasi. Mtu huyu kwa maneno hajapata kushindwa. Amewatuliza maharusi waliokuja kuchukua nguo ambazo hazijatiwa mikono. Alitazama yale maji kwa muda mrefu, akapangusa uso kwa kofia.

"Maji," alisema. "Naona maji, mke wangu."

Dada akangoja. Akangoja tena, kama alivyozoea. Alipoona hakuna kinachoongezwa, akaushika mkono wa mumewe, akaunyoosha kuelekea chini upande wa kulia, penye mwamba mweusi.

"Tazama pale," alisema. "Jua likiinama panatokea kiupinde kidogo cha mvua. Juu yake kuna majani yanayotikisika hata pasipo na upepo. Umeyaona?"

"Nimeyaona," alisema shemeji.

"Haya, sasa tazama juu yake." Na akaendelea kumwonyesha, kimoja baada ya kingine, mpaka yule mama wa tiketi akaja kutuambia wanafunga geti.