Suruali Kumi na Mbili za Stoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kofia ngumu kwa kuikalia. Ilikuwa mwaka wa 2007, katika depo yetu ya Nakuru. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshona sare za shule kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka kampuni moja ya kukata miti ikaniita nitunze stoo. Meneja wa Depo alinikabidhi kofia sita mpya za rangi ya machungwa akaniambia nizipange rafuni. Nilichukua moja nikaibana pande mbili, ikalia kama bakuli la plastiki. Nikaiweka sakafuni nikaikalia, ikapasuka.

"Mama Njeri, hiyo ni mali ya kampuni," Meneja akasema.

"Mimi niko na kilo themanini, na nimekaa pole pole," nikamjibu. "Tawi ya bluugamu haiangukangi pole pole."

Akanipa kitabu cha ukaguzi. Kuanzia siku hiyo hakuna kifaa kilichokwenda kwa wakataji bila kupita mikononi mwangu. Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata chai niliyoipika mwenyewe naionja kwanza ndipo niiamini.

Tulikuwa tukikata miti iliyokaribia nyaya za stima na ile iliyozeeka mashambani. Kampuni ilipenda vya rahisi, kwa hivyo karibu kila kitu kilikuwa mtumba au kile cha bei ya chini kabisa dukani. Hanesi, yaani ile mikanda ambayo mkataji hujifunga nayo akiwa juu ya mti, nilizigeuza ndani nje. Nilitafuta uzi wa rangi mbili katika mshono mmoja, kwa kuwa hapo pana mtu aliyerudia kushona na anaficha kitu. Nilichomoa uzi kidogo nikauwasha kwa kiberiti. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu, pamba huacha majivu, na uzi wa pamba haufai kubeba mtu. Buti niliziponda ncha kwa nyundo nisikie kama mna chuma kweli. Kulabu nilizikwaruza kwa msumari, maana rangi mpya inaweza kuwa imefunika ufa. Stika za ubora sikuzisoma. Nilizibandua nione kilichokuwa chini yake.

Wakataji waliniita CID. Aliyenitania zaidi alikuwa Kiplimo, fundi wao wa kupanda, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. "Mathe CID, leo umeshika nani?" angeuliza kila asubuhi akija kuchukua vifaa. Lakini yeye ndiye aliyejifunza kwangu vizuri kuliko wote. Nilimwonyesha jinsi ya kushika mshono kwa mikono miwili, vidole gumba juu, na kuuvuta mpaka ujieleze. Hakuvaa kitu kabla hajafanya hivyo.

Baadaye mwaka huo tulihamia kambi ya Salgaa, chini ya Supavaisa aliyekuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi alisema "Vaa ama shuka," na jioni hakusema kitu. Huko ndiko zilikoletwa suruali za pawa. Pawa ni msumeno wa injini, na suruali hizo huvaliwa ili ukiteleza na kugusa paja, mguu upone. Zilikuwa kumi na mbili, mitumba kutoka nchi za baridi, na Meneja alikuwa amezinunua kwa Bwana Jaswant, mzee mmoja Kalasinga mwenye duka la vifaa mjini Nakuru. Ndani ya kiuno palikuwa na picha ya pawa na maandishi ambayo hakuna mtu kambini aliyeweza kuyasoma.

Nilimshuku Jaswant kabla sijafungua gunia. Nilipopapasa mapaja nikahisi tabaka za nyuzi ndani yake, laini, zinacheza ovyo, zimeshikizwa pembeni tu. Katika suruali tatu zilikuwa zimeteremka mpaka magotini. Nikasema hii ndiyo kazi ya watu wanaodhani Mwafrika hawezi kugundua. Mtu wa kushona hawezi kuvumilia bitana inayolegea. Nikaichukua cherehani yangu na kwa siku nne nikazipiga mistari, chini hadi juu na kushoto hadi kulia, vibokisi vidogo vidogo kama blanketi la kitanda cha wageni. Zikatulia. Supavaisa alipoziona alitikisa kichwa kwa kukubali, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Kiplimo alivuta kila mshono wa yake na haukutoka hata mmoja.

Kisha ukaja uchaguzi na yaliyoufuata. Tulitawanyika, na tuliporudi kazini mwanzoni mwa 2008 tulipelekwa Longonot, kukata misaipresi kando ya reli. Hakuna aliyetania tena. Mimi ni Mkikuyu, Kiplimo ni Mkalenjin, na watu wetu walikuwa wametoka kuchomeana nyumba. Wakataji walikula katika makundi mawili. Kila mtu alijichotea maji yake mwenyewe.

Asubuhi moja Kiplimo alikuwa akikata tawi lililolala chini, pawa ikaruka ikampata paja la kushoto. Niliona kwa macho yangu. Nilingoja injini izime, kwa maana ndivyo tulivyoambiwa suruali hizo hufanya. Haikuzima. Ilipita kitambaani, ikapita nyuzi zangu zote nzuri, ikaingia nyamani. Supavaisa alimfunga mguu kwa mshipi wake mwenyewe na wakamkimbiza hospitali ya Naivasha.

Siku iliyofuata nilikuwa Nakuru. Niliitupa ile suruali yenye damu juu ya kaunta ya Bwana Jaswant.

"Umetuuzia takataka," nikamwambia.

Hakubishana. Aliingia nyuma akaleta nyingine ya aina ile ile, akaipasua paja kwa wembe, akaingiza vidole viwili na kuvuta. Nyuzi nyeupe zikatoka, ndefu, zikaendelea kutoka, zikajaa kaunta.

"Hizi kazi yake ni kutoka," akasema. "Pawa ikigusa, inavuta hizi nyuzi, zinajisokota kwa mnyororo, pawa inakwama. Ndio maana hazishonwi katikati." Kisha akaigeuza yangu, akajaribu kuvuta. Hazikuja. Akasogeza miwani. "Mama, nani ameshona hii?"

"Fundi fulani," nikasema.

Naandika neno hilo na bado naona aibu. Mzee yule alinitazama vidole, akaona sugu ya sindano, akaanza kukusanya nyuzi zake. Nilikuwa nimemshuku kila mtu isipokuwa mkono wangu.

Meneja wa Depo alinisikiliza nikimweleza, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Mama Njeri, nyamaza tu. Tutaandika ilikuwa mtumba mbovu. Ukisema ni wewe ulishona, na huyo kijana ni wa kule, unajua watu watasema nini. Si saa hii."

Nilijua. Niliogopa sana, sitaki kuwadanganya. Lakini suruali kumi na moja zilikuwa Longonot, na asubuhi watu kumi na mmoja wangezivaa.

Nilifika kambini kabla hawajatoka. Niliwaambia wavue na nikawaambia sababu. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilinitisha zaidi. Mmoja aliyetoka kwao Kiplimo aliuliza taratibu, "Na mbona ni yake ndio ilikatika?"

"Zote ni sawa," nikasema. "Angalieni wenyewe."

Nikaketi juu ya gogo nikaanza kufumua kwa wembe, mbele yao. Supavaisa aliahirisha kazi siku hiyo. Nilifumua mpaka jua likapinda, na kila niliyoimaliza waliipitisha mkono kwa mkono kuhakikisha. Kisha nikawaambia kwamba Naivasha kuna mtu mwingine wa kumweleza.

Kiplimo alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua?" akauliza.

"Sikujua."

"Nitajuaje?"

 Jibu la hilo nimelitafuta tangu siku hiyo na sijalipata. Niliweka mkate na maziwa juu ya kabati lake. Nilipofika mlangoni nikageuka. Hakuwa amevigusa.

Hakupanda tena mti. Nasikia alifungua kibanda cha kunoa misumeno. Ilibainika pia kwamba nyuzi zilizowahi kutobolewa na sindano hazirudi kuwa salama, basi Meneja akazichoma zote kumi na moja na kunitolea maneno makali, ambayo nilistahili. Niliendelea na stoo mpaka nilipostaafu. Nilibadilisha jambo moja tu: kila aina mpya ya kifaa iliyoingia, niliharibu kimoja kwanza, nikakipasua nione kinafanya kazi vipi, ndipo nikatoa maoni. Nanyi mnaonunua vya bei rahisi leo fanyeni hivyo. Shukuni muuzaji, sawa, lakini mkishakuwa na hakika, jishukuni wenyewe pia.

Siku hizi niko nyumbani na cherehani yangu, nashona tena sare. Mwaka jana, mwezi wa shule kufunguliwa, mwanamume mmoja aliingia akichechemea, na msichana mrefu nyuma yake. Alikuwa na mvi kidogo. Hakunisalimu, hata niaje wala sasa. Aliweka kitambaa cha sketi mezani akasema, "Huyu anaingia sekondari. Chukua kipimo."

Nilichukua. Alirudi baada ya siku tatu. Nilimpa sketi, akaigeuza ndani nje, akaushika mshono wa kwanza kwa mikono miwili, vidole gumba juu, akavuta. Kisha wa pili. Binti yake akaona haya, akamwambia, "Baba, wacha basi."

"Muache amalize," nikamwambia.